Nafaqa ya Mtoto Haingoji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejaalia riziki ya mtoto mchanga ipite katika mikono ya wazazi wake kabla ya kupita katika mikono yake mwenyewe. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa yatima akalelewa, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, nakuusieni pamoja na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Maneno yangu ya leo yanamhusu mtoto ambaye baba yake na mama yake wameachana: nani anawajibika kumlisha, kwa kadiri gani, kadiri hiyo hubadilika vipi, na baba akikataa hufanywaje. Ni jambo ambalo katika vikao vyetu husemwa kwa kunong'ona, kana kwamba ni aibu ya mama. Kumbe ni deni la baba.

Nianze na neno lenyewe. Sisi watu wa Pwani tukisema nafaka twakusudia mchele, mtama na mahindi. Neno hilo asili yake ni nafaqa, yaani kile mtu anachokitoa kwa ajili ya wale walio chini yake. Wazee wetu waliona kitu ambacho mwanamume hana budi kukileta nyumbani ni kile kinachotiwa chunguni, wakalitwaa jina la wajibu wakakipa chakula. Leo wapo wanaokula nafaka kila siku na wasiijue nafaqa.

Dalili ya wajibu huu imo katika Suratul Baqara, aya ya 233. Humo Mwenyezi Mungu ameweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa namna inayojulikana kuwa ni njema, na amekataza mtu kukalifishwa kuliko uwezo wake, na amekataza mtoto kufanywa silaha ya kumdhuru mama au ya kumdhuru baba. Na katika Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, ameamrisha mama aliyeachwa akinyonyesha alipwe ujira wake, wazazi washauriane kwa wema, mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika kile alichopewa. Tazameni jinsi maneno haya yalivyoshuka. Hayakushuka kwa ajili ya nyumba yenye raha. Yameshuka yakitaja talaka kwa jina lake. Mola wetu alijua kwamba pale ndipo mtoto anaposahauliwa.

Basi nafaqa ya mtoto hukadiriwaje? Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Nafaqa ya mke, katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu katika mwambao huu, ina kipimo: kwa siku moja tajiri hutoa vibaba viwili vya kisheria, yaani mudd mbili, wa kati na kati moja na nusu, na maskini moja. Lakini nafaqa ya mtoto haina kipimo hicho. Kipimo chake ni utoshelevu. Imam Nawawi ameliweka hilo wazi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakijua. Mtoto mchanga hahitaji anachohitaji kijana wa miaka kumi na mbili, na mtoto mgonjwa hahitaji sawa na mzima. Kwa hiyo anayesema, "Sheria inataka nitoe kiasi fulani tu, basi," amemtungia sheria uongo.

Msingi wa utoshelevu huo umo katika kisa cha Bi Hind binti Utba, mkewe Abu Sufyan, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alimjia Mtume (s.a.w.) akamshitakia kwamba mumewe ni mtu mwenye mkono mzito, hampi cha kumtosha yeye na watoto wake, ila akichukua katika mali yake bila ya yeye kujua. Mtume akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Wanazuoni wamejadiliana sana: je, ile ilikuwa hukumu ya kadhi au fatwa ya mufti? Maana Abu Sufyan hakuitwa akasikilizwa. Mjadala huo ni mtamu kwa wanafunzi, lakini kwa leo tuchukue mambo mawili tu. Bi Hind hakuambiwa avumilie. Na hakufunguliwa mlango wa kuchota apendavyo; alifungiwa kwa utoshelevu na kwa wema, yaani desturi njema ya watu wa mahali pale wenye hali kama ile.

Natoa mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Tuseme watoto ni wawili, wanakaa na mama yao. Chakula chao kwa siku ni shilingi 4,000, kwa mwezi ni 120,000. Mama amepanga vyumba viwili, na sehemu ya watoto katika kodi ni 40,000. Nauli, madaftari na mchango wa skuli na madrasa ni 30,000. Nguo na viatu kwa mwaka ni 120,000, yaani 10,000 kwa mwezi. Dawa tuziwekee 10,000. Jumla ni 210,000. Hiyo ndiyo haja. Sasa tutazame uwezo. Baba anapata 500,000 kwa mwezi, ameoa tena, na anasema kwamba matumizi ya nyumba yake mpya pamoja na nafsi yake ni 320,000, kwa hiyo kilichobaki ni 180,000 na zaidi ya hapo hawezi. Mtu asiye mwangalifu atakubali. Kadhi mwangalifu atamwambia, "Nisomee hizo 320,000 moja moja." Akisoma, hutokea humo 45,000 za kulipia runinga kubwa aliyoikopa. Mtoto hawezi kupungukiwa na sahani ili ukuta upate picha. Zikiondolewa hizo, matumizi yake ni 275,000, zinabaki 225,000, na haja ya watoto inatimia na chenji inabaki.

Lakini lau kama zile 320,000 zote zingekuwa chakula, kodi na dawa za watu wa nyumba ile, hapo asingelazimishwa zaidi ya uwezo wake. Watoto wa nyumba mbili ni watoto wa baba mmoja, na haki zao ni sawa. Wa kwanza hawafutwi na ndoa ya pili, wala wa pili hawalali na njaa ili wa kwanza washibe. Ama yule mwenye nguvu anayekaa barazani mchana kutwa akicheza bao na kusema hana kitu, mafakihi wetu wameshamjibu: mwenye uwezo wa kuchuma hulazimika kuchuma kwa ajili ya mtoto wake. Ukosefu wa kazi ni udhuru. Ukosefu wa hamu si udhuru.

Hesabu hii ni ya watoto peke yao. Ujira wa mama wa kunyonyesha ni haki nyingine, na deni la nafaqa ya edda ni jingine. Msiyachanganye katika fungu moja, kwa sababu baba mjanja hupenda fungu moja. Hulipa la mama akadai amelipa la mtoto.

Na je, kiasi kilichokadiriwa hubadilika? Hubadilika, tena hakina budi kubadilika. Wapokezi wa tarikh wamesimulia kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akiwapa fungu la Baitul Mali watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja alimsikia mtoto akilia bila ya kunyamaza, akamuuliza mama yake sababu. Yule mama, asiyejua anazungumza na nani, akamwambia kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati kwa kuwa Umar hatoi ila kwa aliyeachishwa. Umar alijilaumu mno, akaamuru kila mtoto wa Kiislamu apewe tangu kuzaliwa kwake. Na imepokewa kwamba alimwekea mchanga dirhamu 100, akikua kidogo humfanyia 200, na akibaleghe humzidishia. Ile ni mali ya umma, wala si nafaqa ya baba. Lakini angalieni fikira yake: aliona kanuni yake inamdhuru mtoto, akaibadilisha, na akajua kwamba mtoto wa leo si mtoto wa mwakani.

Linganisheni na jambo hili. Tanzania Bara ilikuwako sheria ya mwaka 1949 iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, nayo iliweka shilingi 100 kwa mwezi. Bei zikapanda, vizazi vikapita, shilingi 100 ikawa haitoshi hata kwa kikombe cha chai, na maandishi yale yaliendelea kuwamo vitabuni mpaka yalipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kiasi kisichotazamwa tena huwa dhuluma hata kama siku ya kwanza kilikuwa uadilifu.

Kwa hiyo mama akiona mtoto ameingia skuli ya juu, au ameandikiwa dawa za kudumu, au bei ya chakula imepanda, ana haki ya kurudi kwa kadhi aombe nyongeza. Na baba aliyefukuzwa kazi au aliyeugua ana haki kama hiyo ya kuomba apunguziwe. Alichokosa haki nacho ni kujipunguzia mwenyewe. Nimewaona wanaume wema, wenye kuswali, wakipata msiba wa kazi mwezi wa kwanza, wakakaa kimya mwezi wa pili na wa tatu kwa kuona haya, na mwezi wa nne wakaitwa mahkamani kama wahalifu. Aende siku ya kwanza, achukue barua ya kuachishwa kazi, aseme hali yake. Kadhi si adui wa maskini.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague maudhui haya, nalo ni kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia baada ya swala ya Alasiri mwanamke aliyeachwa akiwa na watoto watatu. Edda yake ilikuwa imekwisha. Baba watoto alikuwa amekwenda kufanya kazi mji mwingine na haleti kitu. Akaniuliza, "Maalim, niende kwa kadhi?" Nikamwambia, "Mwanangu, subiri. Mtu mwenyewe namjua, ana asili njema, atakumbuka. Mkishitakiana mtavunja undugu." Niliona nimesema maneno ya hekima. Akasubiri. Akakopa dukani, na kila alichokopa akakiandika katika daftari la mtoto: unga, mafuta, sabuni, dawa ya homa. Alisubiri miezi thelathini, kisha akaenda kwa kadhi na daftari lake.

Kadhi alimuuliza suala moja: "Je, kabla ya leo kuna kadhi aliyekwishamhukumu baba huyu kutoa, au aliyekuruhusu wewe ukope kwa dhima yake?" Akasema, "Hapana." Basi kwa madhehebu yetu, ndugu zangu, hapo ndipo mlango unapofungwa. Nafaqa ya mke ikipita wakati wake hubakia deni shingoni mwa mume. Nafaqa ya mtoto haiko hivyo. Imewekwa kwa ajili ya kuondoa haja, na siku ikipita haja yake imepita nayo, kwa hivyo huanguka. Baba anapata dhambi kubwa mbele ya Mola wake, lakini kadhi hana deni la kumdai, isipokuwa kama kadhi alikwishaikadiria kwa hukumu, au aliruhusu kukopa kwa sababu baba hayupo au amekataa. Masuala haya nilikwishayasomesha zaidi ya mara kumi kwa wanafunzi. Nilikuwa nayajua. Lakini yule mama alipokaa mbele yangu sikumpa fiqhi, nilimpa nasaha ya barazani.

Basi enyi masheikh wenzangu, maimamu, na wazee wa mitaa mnaoendewa na watu: suluhu ni jambo tukufu, lakini suluhu ya nafaqa iwe na kiasi, iwe na tarehe, iandikwe na ishuhudiwe, tena siku ileile. Mkiona baba hakubali, msimcheleweshe mama hata wiki moja. Na mama aliye mahali ambapo kadhi hapatikani, basi ashuhudishe watu kwamba anachokitoa anakitoa kwa nia ya kumdai baba. Mafakihi wameitaja njia hiyo kwa wakati wa dharura, asiifanye badala ya kwenda kwa kadhi aliye karibu.

Kwa upande wa serikali, hali zinatofautiana. Zanzibar mahkama za kadhi ni mahkama za dola, zimepangwa upya kwa sheria ya mwaka 2017, na madai ya nafaqa na malezi ni miongoni mwa kazi zake. Tanzania Bara kadhi wetu hana nguvu za dola. Hupatanisha na kufutu. Anayetaka amri yenye nguvu huenda Mahakama ya Watoto, au huanzia kwa afisa wa ustawi wa jamii, ambaye taarifa yake huisaidia mahakama. Sheria ile ya 2009 inaitaka mahakama itazame kipato na mali ya wazazi wote wawili, lolote linalopunguza uwezo wa kuchuma, watoto wengine wanaomtegemea mtu huyo, na gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto. Kenya nao wana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na mahakama zake za watoto. Mtaona sheria hizi zinamtazama mama pia, ambapo fiqhi yetu inaanza na baba, naye akishindwa huhamia kwa babu mzaa baba kabla ya kumfikia mama. Mwanamume Mwislamu asiitumie sheria ya dola kuukwepa wajibu aliobebeshwa na dini yake. Kama mama anachuma na akasaidia, huo ni wema wake.

Ama anayekataa naye anacho, huyo hana heshima ya kuombwa. Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhuluma. Mafakihi wetu wamesema mali yake huuzwa kwa nafaqa kama inavyouzwa kwa deni. Mahakama za leo zina njia zao, kama kukata katika mshahara kabla haujamfikia. Na jela? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wana kauli nzuri humu. Wamesema baba hafungwi kwa deni analodaiwa na mwanawe, kwa heshima ya ubaba. Lakini akikataa kumlisha mtoto wake hufungwa, kwa sababu ndani ya kulisha kuna kuhifadhi uhai. Deni la kawaida laweza kungoja, tumbo haliwezi. Asiye nacho kweli hafungwi. Huyo hupewa muda, kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280.

Yako mambo mawili nisiyoweza kuyaacha. Wako wanaosema, "Mama hanioneshi watoto, basi sitoi." Na wako akina mama wanaosema, "Hatoi, basi hawaoni." Wote wawili wanamdhulumu mtu wa tatu ambaye hakugombana na mtu. Kuonana ni haki moja na kula ni haki nyingine. Aliyenyimwa ya kwanza aende akaidai, asilipize kwa ya pili. La pili ni hii desturi ya mwanamke kununua talaka yake kwa kusema, "Niache, na masurufu ya watoto nimekusamehe." Mama anaweza kujitwika kulisha kwa mali yake. Lakini akishindwa, watoto watarudi kwa baba yao wakiwa na haki yao kamili, kwa kuwa katika karatasi ile mtoto hakutia saini.

Mwendao kwa kadhi, chukueni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, cheti cha talaka, hesabu ya matumizi iliyoandikwa, risiti za skuli na za hospitali, na jina la mahali baba anapofanya kazi. Nanyi akina baba, tumeni fedha kwa njia inayobakisha ushahidi. Fedha iliyotumwa kwa simu ina tarehe na jina. Fedha iliyopewa mtoto njiani amfikishie mama yake haina shahidi.

Yule mama kadhi alimhukumia tangu siku ile, na baba watoto akawa anakatwa mshahara kila mwezi. Ama miezi thelathini iliyopita haikurudi. Deni la dukani alililipa mwenyewe kwa kukaanga mihogo jioni karibu na msikiti wetu, na lilimchukua zaidi ya mwaka. Kila nilipopita alinitolea salamu, "Shikamoo, Maalim," wala hakuwahi kulitaja jambo lile.

Wabillahi tawfiq.